Simamisheni Nyatiti, Nisifu Sensa

Katika ngoma zetu huku Kisumu, mtu akitaka kujigamba au kumsifu ampendaye hutoa pesa, mpiga nyatiti akanyamaza, naye akamwaga sifa. Hiyo ndiyo pakruok. Basi nyamazeni kidogo. Pesa nimeshatoa, risiti ya kliniki ninayo mfukoni, na ninayemsifu ni sensa ya eksirei ya meno. Si ile sensa ya serikali ya kuhesabu watu. Hii huhesabu magego, tena hubisha hodi ikiwa imeshaingia.

Tazameni umbo lake. Kijibamba cha kama sentimita nne kwa tatu, unene nusu sentimita na ushee, na waya unaoning'inia mdomoni kama mshipi ulionasa mbuta. Filamu ya zamani ilikuwa mnyonge: ukiikunja kona, ilikubali kufuata kaakaa. Sensa haina tabia hiyo. Ndani yake kuna kipande cha silikoni na tabaka linalogeuza miale kuwa mwanga. Ukiikunja umeiua, na zile za majina makubwa bei yake hununua pikipiki ya boda na chenji ikabaki. Kwa hiyo anayekunjika ni wewe.

Ukoo wake nao si haba. Januari 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kutangaza miale yake, Mjerumani Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno kwa kioo cha kupigia picha kilichofunikwa, akatulia dakika 25. Mwaka 1987 Mfaransa Francis Mouyen akatuletea sensa, na tangu hapo miale imepungua na picha huwa kwenye skrini kabla mate hayajakauka.

Hata wazee wetu nadhani waliiota. Wajaluo wa kale waling'oa meno sita ya mbele ya chini, mila ya nak. Hapo hapo, taya linapobana na ulimi hauna pa kwenda, sensa hutesa kwelikweli. Wazee walishaifunga kesi.

Mimi sikung'olewa, nikajipeleka mwenyewe kliniki moja mjini, gego la juu likiniuma. Sensa ilikuja imevishwa mfuko wa plastiki, kama mgeni wa heshima.

"Fungua, mzee wangu. Zaidi. Haya, uma polepole."

Mimi ni msemaji. Soko zima la Kibuye linanijua. Kijibamba kile kikaninyamazisha kwa sekunde moja, jambo ambalo mke wangu analitafuta miaka thelathini. Kona ikagusa kaakaa laini kule nyuma, na omena wa asubuhi wakaanza safari ya kurudi ziwani.

"Pumua kwa pua. Inua mguu wa kushoto."

Msicheke. Akili ikihangaika na mguu, koo husahau ugomvi wake.

Watengenezaji nao wamejitahidi, nisiwaonee. Wamezungusha kona, wengine wameutoa waya mgongoni badala ya ubavuni, na saizi ziko: sifuri ya watoto, moja, mbili. Kliniki ile ilikuwa na namba mbili peke yake, hivyo mtoto aliyenitangulia na mimi tulivaa kiatu kimoja. Yeye alilia. Mimi nina mvi, nilitokwa tu na machozi. Kwa kweli nusu ya starehe imo mkononi mwa daktari: asiyejua huibandika sensa kwenye jino, ikachimba ufizi, anayejua huisogeza katikati ya kinywa, mahali kaakaa lina paa refu, ikakaa bila kugombana na mtu. Wangu alijua. Ila kinywa changu kina paa la kibanda cha samaki.

Picha ikatokea. Taji la gego safi, kijivu chake kizuri, pengo la jirani likionekana kama kisima.

"Ncha za mizizi zimekatika, mzee wangu. Turudie."

Nikainua mguu kabla sijaambiwa.