Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Ligi Kuu, kutoka Kwetu Nyongeza

Kwa Waheshimiwa Wasimamizi wa Ligi Kuu ya Kandanda ya Taifa,

Baada ya salamu na taadhima zinazowastahiki watu wenye dhamana nzito kama yenu, mimi mkazi wa Kasungami, katika komini ya Annexe, mjini Lubumbashi, nawaletea waraka huu wa shukrani, kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wakiwalaumu kwa jambo ambalo, likitazamwa kwa utulivu, ni fadhila kubwa mliyotutendea: nalo ni kutuondolea adha ya kujua msimu utaanza lini, utasimama wapi, na kama utakwisha.

Huenda mkauliza mtu wa Annexe ameipata wapi idhini ya kunena mbele ya wakubwa. Annexe, waheshimiwa, maana yake ni nyongeza. Komini yetu imeuzunguka mji kama pete, tangu Kasapa kwenye chuo kikuu mpaka Luano zinakotua ndege, na lami hutufikia kwa nyongeza, maji kwa nyongeza, taa kwa nyongeza. Basi aliyezaliwa ndani ya nyongeza na kulelewa humo anaufahamu muda wa nyongeza kuliko refa yeyote mtakayemteua.

Kilichonichochea kushika kalamu ni mpwa wangu, aliyehamia Marekani na kunogewa na ule mpira wao wanaouita wa miguu ilhali aghalabu wanaushika kwa mikono. Kijana huyo, ambaye zamani alikuwa na akili zake timamu, alinipigia simu mwezi wa Mei akishangilia. Nikadhani ameoa. Kumbe, "Mjomba, ratiba imetoka!" Akaanza kunisomea: timu 32, kila timu mechi 17 katika majuma 18, jumla mechi 272, mpira wa kwanza Septemba na fainali Jumapili ya pili ya Februari. Nikamhurumia. Hebu fikirini hali ya mja anayejua tangu Mei kwamba mwezi wa Desemba, kwenye uwanja fulani ulio mbali na kwao, timu yake itakwenda kufedheheshwa, naye hana hata tumaini dogo la kuahirishiwa fedheha hiyo.

Wala si kwamba watu hao hawajapata kuonjeshwa ladha ya kwetu. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alichaguliwa na Carolina Panthers mwaka 1996, akiwa wa nane katika uteuzi wa vijana wote wa mwaka ule, na kabla hajazizoea jezi zake, goti likamwangusha baada ya mechi nne tu. Huo ndio msimu kwa maana tunayoielewa sisi: kitu kinachoanza kwa shangwe na kukatikia njiani. Lakini wenzake, bighairi ya adabu, waliendelea kucheza bila yeye, wakashinda mechi 12 na kushindwa 4, wakafika mlangoni mwa fainali. Hakuna aliyesimamisha ligi kwa ajili ya goti la Mkongo.

Ningependa hapa niwarudishe mwaka 1967, maana ndiyo hoja yangu yenye uzito, na ninyi ni watu wa kuheshimu historia. Mwaka ule klabu yetu ya Kamalondo, iliyozaliwa 1939 mikononi mwa mapadri Wabenedikto na ambayo leo dunia inaijua kwa jina la TP Mazembe, ilikuwa ikiitwa TP Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, nayo ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi wakatoka 1-1, kwenye marudiano wakatoka 2-2, na kwa kuwa penalti hazikuwa zimezoeleka kuamua mambo mazito, ikaamriwa mechi ya tatu ichezwe Yaoundé, mwezi wa Desemba. Englebert walikwenda. Kotoko hawakutokea, na kwa masimulizi yaliyotufikia, hawakutokea kwa sababu shirikisho la kwao lilipewa habari ya tarehe, nalo likasahau kuipeleka kwa wachezaji. Kombe likapakiwa likaja Lubumbashi. Waheshimiwa, taji letu la kwanza la Afrika tulipewa na tarehe isiyofika! Nani basi atathubutu kusema kwamba tarehe isiyofika haina baraka?

Sasa tazameni waliyoyafanya Wamarekani katika Desemba hiyo hiyo, siku ya mwisho kabisa ya mwaka. Green Bay Packers walikuwa na miadi ya kucheza na Dallas Cowboys nyumbani kwao, katika mji mdogo wa kaskazini, na alfajiri hiyo baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 25 chini ya sifuri. Nyasi ziligeuka jiwe. Filimbi za marefa ziliganda zisiweze kulia, wakawa wanaamua mchezo kwa kupiga kelele kama wachuuzi wa makala, yaani mkaa. Kwa kiongozi yeyote mwenye hekima hiyo ilikuwa neema ya kuahirishia, hata mpaka masika. Lakini maadamu ratiba ilisema siku ile, basi ikachezwa siku ile; Packers wakashinda 21 kwa 17, na majuma mawili baadaye wakatwaa fainali, msimu ukafungwa, watu wakalala. Ukaidi gani huu?

Ninyi hamkulelewa hivyo. Msimu wa 2019-20 ulipokatwa na maradhi yaliyoikumba dunia nzima, hapo hatuna neno, Kunguru wetu, yaani Mazembe, wakavikwa taji ilhali mechi zimebaki. Msimu wa 2022-23 ulivunjika kwa ukata, na safari hii haukuacha bingwa wowote, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo upeo wa uadilifu, kwa kuwa klabu za Mazembe, Lupopo, Vita Club na Maniema Union zilitoka sawasawa, hapana aliyecheka wala aliyelia. Uliofuata ukakamilika, Mazembe wakajipatia taji la 20, nami nakiri kwamba nilishangilia kidogo kabla ya kuona haya kwa kuwasaliti.

Wapo watakaowatetea kwamba kutoka Kinshasa mpaka huku ni zaidi ya kilometa 1,500, kwamba barabara hazipo na ndege ni ghali, na kwamba mashariki kuna vita vinavyotawanya watu na timu zao. Hayo ni kweli, tena ya kuhuzunisha, wala siyafanyii mzaha. Ila umbali huo haujaongezeka tangu mwaka jana. Mwenye kupanga safari angeweza kuupima mara moja akauandika mahali.

Mimi binafsi nimefaidika. Jumapili moja kijana wa manseba, yaani teksi ya pikipiki, aliniapia kwamba Mazembe wanacheza. Nikavaa fulana yangu nyeusi na nyeupe ya mwaka 2010, mwaka tulipowapiga Internacional wa Brazili 2-0 kule Abu Dhabi na kipa wetu Kidiaba akaruka kwa makalio mbele ya ulimwengu, nikapanda nyuma yake mpaka Kamalondo. Langoni mwa uwanja palikuwa na mama mmoja na beseni lake la karanga. Akanitazama fulana, akanitazama usoni.

"Papa, leo hakuna. Ni kesho, ao kesho kutwa."

Nikanunua karanga, nikaketi juu ya tofali pembeni yake, tukaongea mpaka jua likapungua. Habari za wanawe sita ningezipata wapi, laiti mpira ungechezwa?

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Msikubali kushawishiwa kutangaza ratiba. Huku kwetu tayari tuna mambo yenye ukaidi wa Kimarekani: maembe huiva tutake tusitake, mvua za Novemba huja na kututia matope mpaka magotini, na vinkubala, wale viwavi tunaowala, hutoka msituni wakati wao bila kungoja kikao cha mtu. Mkiongeza na ligi, tutapumulia wapi?

Jirani yangu mwenye kibanda cha vinywaji hakunielewa. Yeye alitundika ubao mweusi ukutani, juu ameandika MECHI kwa chaki, herufi kubwa, na chini yake alikuwa akijaza siku. Akajaza Jumamosi, akafuta. Akajaza Jumatano, akafuta. Wateja walimwuliza kila jioni, "Mechi iko siku gani?" naye akajibu, "Ile siku batasema." Juma lililopita nilipopita, lile neno MECHI lilikuwa bado lipo juu, limefifia kidogo, na chini yake ameandika bei ya makala: gunia zima, nusu, na kopo.

Wenu katika kungoja,

Mkazi wa Nyongeza