Mchango Haununui Njia ya Katikati

Mchango wa harusi humpa mtu kadi, kiti, sahani ya pilau na haki ya kulalamika kwamba soda zimechelewa. Haumpi njia ya katikati. Lakini siku hizi bibi harusi akiingia ukumbini haoni nyuso za jamaa zake, anaona migongo ya simu. Basi angalau picha zingekuwa nzuri! Flashi ya simu hufika mita chache tu. Umbali ukiwa maradufu, mwanga unaofika ni robo. Kwa hiyo mgeni wa meza ya nyuma akiwamulika maharusi jukwaani, anachopata ni kisogo cha shangazi wa meza ya mbele, kimewaka vizuri sana, kilemba na pini zake zote, na huko mbali vivuli viwili vinalishana kitu ambacho huenda ni keki. Tungecheka yakaisha, ila kuna mjomba aliyejipenyeza hadi mbele. Huyo flashi yake inafika, tena wakati uleule mpiga picha wa kamati anapobonyeza: gauni linageuka chokaa, na bibi harusi amefumba macho. Na kanisani ni hivyo hivyo: pete ikishavishwa, padri harudii.

Watasema mpiga picha mwenyewe huleta albamu mtoto wa kwanza akiwa anatambaa. Kweli, na hapo simtetei. Lakini deni hilo adaiwe yeye, si ukumbi mzima ujiajiri. Wengine watasema ndugu walioko Muscat na Minneapolis wanataka kuona. Waone: ateuliwe mpwa mmoja mwenye bando na mkono usiotetemeka, arushe mubashara akiwa pembeni. Akina mama wa Unguja na Mombasa wamekwenda mbali zaidi. Kwenye sherehe za wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa na nywele ziko wazi, mara nyingi simu huachwa mlangoni. Wanaoita huo ushamba hawajafikiria sitara: picha moja ikiwekwa status, wanaume ambao hawakualikwa wameshahudhuria. Na taarabu inapigwa, watu wanatunza, wala hakuna anayesinzia kwa kukosa simu.

Kwenye ukumbi wa mchanganyiko sidai makubwa hivyo. MC akiita watu kupiga picha na maharusi, kila mtu apige mpaka chaji iishe. Ila aliyekuja na tableti akae mwisho wa foleni. Ile inaziba ukoo mzima.