Ngao Katika Nyumba ya Kupanga

Ngao haitengenezwi katika nyumba ya kupanga. Mwenye kutaka ngao ya kweli, ya ngozi, ya kupokea mkuki, kwanza awe na boma lake na ng'ombe wake, na upepo uwe unavuma kuelekea kwa adui. Sisi tuna vyumba vitatu Mandewa, Singida mjini, na uani tunashirikiana na wapangaji wengine pamoja na mama mwenye nyumba, ambaye dirisha lake la chumbani linatazamana na kamba ya kuanikia nguo.

Chanzo ni maboksi. Baba Watoto anafundisha historia sekondari, na shule yao ina siku ya utamaduni ambapo wanafunzi huigiza habari za Liti Kidanka, yule mama wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwakabili Wajerumani kwa nyuki, na ambaye uwanja wetu wa mpira, zamani Namfua, sasa unaitwa kwa jina lake. Mwaka mmoja mashujaa wake waliingia wameshika ngao za maboksi ya sabuni. Moja ilikuwa bado ina mshale na maandishi ya kuelekeza upande wa juu. Wazazi walicheka, mgeni rasmi alicheka. Baba Watoto alikaa kimya mpaka nyumbani, akala kimya, nikajua tumekwisha.

Simu ndiyo iliyomalizia. Aligundua kwamba Ulaya na Marekani wapo wanaume wa rika lake, wenye kazi za ofisini, ambao jioni hujifungia gereji wakiunga pete za waya kutengeneza dirii kama za karne ya 14, kila pete na ribiti yake, maelfu kwa maelfu, kisha hubishana kama ribiti inapaswa kuwa ya mviringo au ya pembe tatu. Akanionyesha habari za Visby, kisiwani Gotland. Julai 1361 jeshi la Mfalme Valdemar wa Denmark liliwachinja wakulima nje ya ukuta wa mji ule, na wengi wakatupwa makaburini na mavazi yao ya chuma mwilini. Karne ya 20 makaburi yakafukuliwa, na mwaka 1939 Bengt Thordeman akaanza kuchapisha kila bamba na kila pete. Mifupa mingi ina majeraha ya miguuni, kwa sababu miguu haikuwa na kinga ya kutosha.

"Mkulima aliyekufa Gotland mwaka 1361, wanajua alivaa nini kifuani," aliniambia tukiwa kitandani, saa ambayo watu wengine huzungumzia ada. "Babu wa babu yangu amekufa juzi tu, na sijui alishika nini mkononi."

Sikuwa na la kumjibu. Hoja ilikuwa nzuri, na mume mwenye hoja nzuri ni wa kuogopwa kuliko mlevi, maana mlevi asubuhi huamka amepona.

Akaanza utafiti. Akapata kurasa za Eberhard von Sick, aliyeandika habari za Wanyaturu katika jarida la Baessler-Archiv mwaka 1915. Zote kwa Kijerumani, lugha ambayo Baba Watoto anaijua kwa kiwango cha majina ya magari. Akazikodolea macho usiku kucha, kana kwamba herufi zingemwonea huruma. Akaazima kitabu cha Harold Schneider cha mwaka 1970 juu ya uchumi wa Wanyaturu wa Wahi, akakisoma chote, akatoka ameelewa vizuri sana jinsi samadi inavyozaa mtama na mtama unavyogeuzwa kuwa mifugo. Kuhusu kushona ngao hakutoka na kitu. Hilo halikumzuia kunieleza habari za samadi kwenye chakula.

Alichokipata kwa uhakika ni habari za Wamasai, kwa sababu ngao zao zimepigwa picha tangu enzi za Wajerumani: ngozi mbichi, si ile iliyolainishwa kwa dawa, imekaushwa mpaka ikawa ngumu, ikashonewa ukingoni kwa ubao mwembamba uliokunjwa, nyuma ina mti wa kushikia. Na ngozi iliyopendwa kuliko zote ni ya nyati.

Hapo nikaweka mguu chini. Mkoa wetu una nyati, huko Rungwa, Kizigo na Muhesi, lakini nyati ni wa serikali akiwa hai na ni wa serikali akiwa amekufa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina kifungu cha walimu wa historia. Mtu akikutwa na ngozi ile uani bila kibali, hiyo ni nyara, na mimi nimeolewa Singida kutoka Tanga, sikuja huku kupeleka chakula mahabusu. Akakubali ng'ombe, kwa shingo upande, akisema kwamba usahihi umeshapata pengo.

Ngozi ilifika kwa bodaboda ndani ya kiroba, imetoka machinjioni asubuhi ile. Kijana wa bodaboda aliishusha, akapokea hela yake, akaondoka bila kugeuka nyuma, naye ni mtu ambaye siku nyingine huomba maji ya kunywa. Ili manyoya yatoke, ngozi hulowekwa kwenye maji ya majivu. Chombo pekee cha kuitosha ngozi nzima ya ng'ombe kilikuwa beseni langu kubwa la kufulia. Niliuliza kama zamani walitumia beseni la plastiki. Akasema hilo ni suala la vifaa, si la mbinu.

Sitaieleza harufu. Niseme tu kwamba wapangaji wenzetu walianza kula ndani, milango imefungwa, katika msimu ambao Singida watu hulala madirisha wazi. Mwewe walizoea kuzunguka juu ya bati letu. Mwanangu wa kwanza aliacha kuleta marafiki; wa mwisho, aliye darasa la pili, alianza kuwaleta kwa makundi na nadhani alikuwa anatoza kiingilio.

Ikafuata kuwamba. Pwani tunasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Uani kwetu kila mtu aliivutia kwake kwa maana yake halisi. Baba Watoto alipigilia vigingi kuzunguka ua wote, akaikaza kamba baada ya kamba, na kwa siku kadhaa mtu kwenda chooni alipaswa kuruka ng'ombe. Aliiwamba juani, jua la saa sita. Ngozi mbichi ikikaukia jua kali, juu hujifunga ikawa ngumu na katikati ikabaki mbichi, na hiyo mbichi huoza kwa raha zake, imehifadhiwa vizuri. Ikabidi kuihamishia kivulini, na kivuli pekee kilikuwa chini ya dirisha la mama mwenye nyumba. Mbwa wa jirani akaja usiku akala mkia na sehemu ya paja.

Tangu hapo Baba Watoto akawa anakesha. Akitoka shule na kumaliza kusahihisha madaftari, anavaa kurunzi kichwani, anachuchumaa gizani akikwangua utando wa nyama kwa panga butu, huku akijisemea. Mtu yeyote wa Singida mwenye umri atakwambia kwa nini hilo si jambo la kufanya. Mwaka 1946 na 1947 wilaya hii ilitikiswa na mauaji yaliyodaiwa kuwa ya watu-simba, watu waliosemekana kuvaa ngozi za simba na kuua kwa makucha. Serikali ya Mwingereza ikahangaika nayo, kesi zikafika mahakamani. Mama mwenye nyumba amekulia ndani ya hadithi hizo. Alifungua dirisha usiku, akaona mwanamume amepiga magoti juu ya ngozi, taa inawaka katikati ya paji la uso. Hakupiga kelele. Alifunga dirisha polepole, na asubuhi akaja mjumbe.

Mjumbe alipewa chai na maelezo. Maelezo yalianzia Gotland. Yalipofika kwenye samadi mjumbe aliomba udhuru, akatamka kwamba hapa hakuna uchawi, kuna elimu tu, ila iwe inafanyika mchana.

Nilidhani hapo ndipo tutapumzika. Lakini Baba Watoto alikuwa amesoma habari za John Coles wa Cambridge, ambaye mwaka 1962 alieleza alivyotengeneza mfano wa ngao ya kale ya bati la shaba na mfano mwingine wa ngozi iliyogandishwa kwa maji moto na nta, kisha akazipiga kwa upanga. Ya shaba ilipasuka, ya ngozi ikatoka na mikwaruzo. Na nta, jamani, tupo Singida! Asali ya mkoa huu inasafiri mpaka nje, nta ipo ya kumwaga. Alinunua mabonge, akayaweka kwenye sufuria langu la ubwabwa, jiko la mkaa, mlango wa jikoni umefungwa ili upepo usisumbue.

Nta ya nyuki huyeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 64. Ngozi mbichi isiyolainishwa kwa dawa, ikiwa na unyevu, hujikunja yenyewe ikizidi nyuzi 60 na kidogo. Yaani nta inapokuwa tayari kuipokea ngozi, ngozi inakuwa tayari kukimbia. Kipande cha majaribio kilipoingia kilijikunja, kikanenepa, kikageuka kitu ambacho mtoto wa darasa la pili alikitambua mara moja kuwa ni supu. Nta ikafurika, ikashuka kwenye makaa, moto ukapanda mpaka kwenye dari. Baba Watoto akanyanyua ndoo ya maji. Binti yetu, ambaye hesabu zinamshinda lakini sayansi kimu anaipenda, alimpiga baba yake kikumbo, akafunika sufuria kwa mfuniko na jiko kwa karai la mchanga. Maji juu ya nta inayowaka yangetuondolea bati. Dari ina doa jeusi hadi leo, na sufuria lile halipiki tena chochote kinacholiwa.

Wakati huo huo mama mkwe alishuka kwenye basi kutoka Ilongero, ana kuku wawili na kifurushi cha mlenda mkavu. Alisikia harufu tangu kona ya barabara, akaifuata bila kuuliza njia. Tulimwamkia, akaitika, akapita moja kwa moja hadi uani. Mwanawe alikuwa tayari ameshakata duara lake zuri la ngao. Mama akalishika kwa vidole viwili, akalikunja, likakunjika.

"Umekata tumbo," akasema.

Ni kweli. Ngozi ya tumbo ni nyembamba na inavutika. Nene iko shingoni, mabegani na mgongoni. Baba Watoto alikuwa amechagua tumbo kwa sababu halikuwa na alama ya chuma cha moto. Nikasubiri mama aanze sasa kutufundisha ngao za wazee, na mwanawe alishakimbilia daftari.

"Ngao mimi sijapata kuiona," akasema. "Nimezaliwa nikakuta wanaume wanashika fimbo. Mimi nazijua ngozi. Tulizilalia, mama yangu alizivaa, na wewe bibi yako alikubeba ndani ya mojawapo." Akavua viatu, akaketi chini, akaomba kisu chenye makali na siyo lile panga. Kuanzia hapo kazi ikaenda. Ngozi ya shingo ilikatwa mbichi-mbichi, ikakandamizwa juu ya kichuguu kidogo cha mchanga ili itune katikati, ikafunikwa, ikakauka taratibu kivulini. Ilipokauka ilitoa mlio wa ubao ukiigonga. Mama alipoigonga kwa mchi haikubonyea hata kidogo, akagonga tena kwa furaha yake tu.

Usiku ule, kwa kushukuru, Baba Watoto akaipamba: chokaa, masizi ya mkaa, udongo mwekundu, mistari miwili katikati na nusu duara pembeni kama kwenye picha. Alfajiri mama alitoka kwenda kunawa, akaiona imeegemezwa ukutani, akaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Hii ya Wamasai! Hawa si ndio waliokuwa wakija kuchukua ng'ombe zetu? Liti atoke na ngao ya wezi wake?"

Alimsugulisha mpaka ngozi ikabaki wazi, haina mchoro wowote, kwa sababu mchoro wa kwao hakuna aliyekuwa na uhakika nao, na mama alikataa katakata kumruhusu abuni. Hapo ndipo nilipomheshimu mume wangu, kwani hakubuni. Siku ya utamaduni ilipofika, jukwaani mwanafunzi aliishika ikiwa tupu, wenzake nyuma yake na maboksi yao, na mtangazaji alipouliza kwa nini haina rangi akajibiwa kwamba haijulikani ilipakwa nini. Watu hawakuelewa lakini walipiga makofi. Halafu zikaanza mvua za kwanza, na ngozi mbichi ikilowa hulegea. Vita vilipopamba moto ngao ilikuwa inaning'inia mkononi kama chapati, Mjerumani akacheka hadi akaangusha bunduki.

Mama mkwe alisema dawa yake ni moshi. Sisi tunapikia gesi na mkaa. Mwenye jiko la kuni uani kwetu ni mama mwenye nyumba peke yake. Baada ya mazungumzo marefu, na kuku mmoja, alikubali itundikwe juu ya mafiga yake. Imekauka, imeiva, imekuwa nyeusi na ya kupendeza, inaonekana ina miaka mia. Wajukuu wake walipokuja kutoka Dodoma aliwaambia ni ya babu yake, aliyekwenda nayo vitani. Wakapiga nayo picha. Baba Watoto alisikia yote akiwa mlangoni, mdomo wazi, kidole kimeinuka tayari kusahihisha, nami nikamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba kodi ya miezi miwili hatujalipa.