Mia Tatu za Ruta

Duka la stesheneri, Magomeni, Dar es Salaam: fotokopi, picha za pasipoti, na filamu kwa wenye flashi. Mwenye duka ametoka nje kumtuliza mteja. Mezani wamebaki Kompyuta, Ruta na Flashi. Kwenye droo iliyoachwa wazi amelala Modemu wa zamani, wa enzi za intaneti ya kupiga kwa laini ya simu.

KOMPYUTA: Mdogo wangu Ruta, tuulizane kabla bosi hajarudi. Kamwambia mteja filamu yake itashuka kwa sekunde sabini. Hesabu hiyo kaitoa wapi?

RUTA: Filamu ni MB 700, kifurushi cha duka ni Mbps 10. Mia saba gawa kwa kumi. Hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

KOMPYUTA: Mtoto wa darasa la tatu angeuliza kwanza: hizo B ni za aina moja? Ya filamu ni kubwa, baiti. Ya kifurushi ni ndogo, biti. Baiti moja ni biti nane. Mia saba mara nane, 5,600. Gawa kwa kumi, sekunde 560. Dakika tisa na sekunde ishirini, na mteja kaja na bajaji inayomngoja.

RUTA: Dada, mambo ya herufi kubwa na ndogo hayanihusu. Mimi kwenye boksi nimeandikwa 300.

FLASHI: Mia tatu nini, kaka?

RUTA: Mia tatu! Pembeni kuna na picha ya roketi.

KOMPYUTA: Megabiti 300 kwa sekunde, hewani, kwa hesabu ya karatasini, bila ukuta wala jirani mwenye ruta yake. Hebu geuka utuonyeshe matundu yako ya waya.

RUTA: Unataka kunivua nguo mbele ya mtoto?

KOMPYUTA: Geuka.

FLASHI: (akisoma) "10/100." Kaka! Kumbe hata wakikuletea mia tatu, mlangoni inapita mia?

RUTA: Mia unaiona ndogo? Bosi mwenyewe analipia kumi, mbona hamumsemi?

KOMPYUTA: Analipia "hadi" kumi. Tisa ni hadi kumi. Mbili ni hadi kumi. Jioni, mtaa mzima ukiangalia mpira kwenye simu, hata nusu ni hadi kumi, na hakuna wa kumshtaki.

MODEMU: (kutoka kwenye droo) Nani anamsengenya biti huko?

FLASHI: Shikamoo, babu.

MODEMU: Marahaba. Biti mwacheni, hana kosa. Mimi nilipiga mayowe kwenye laini ya simu, na nikijitahidi sana ni kilobiti 56 kwa sekunde. Waya haujui baiti. Waya unapitisha biti moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Anayepima waya anahesabu hizo. Na msidhani nane ilikuwa sheria ya Mungu. Herufi ya teleksi ilikuwa na biti tano. Kati yangu na kompyuta, herufi ilisafiri na biti zake nane, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Kumi hizo. Ungegawa kwa nane ungeumbuka. Fundi aliyesema "biti" alisema kweli.

KOMPYUTA: Babu, fundi simgusi. Nina ugomvi na aliyeichukua hesabu ya fundi akaitundika kwenye bango. Kasi anaiuza kwa biti, namba inanenepa. Bando la simu analiuza kwa baiti. Kaunta ni hiyo hiyo, mizani ni mbili, na mteja anatakiwa ajijulie mwenyewe kuzidisha kwa nane. Mbps 10 wanazozitangaza zikitimia kweli, bando la GB 1 linakwisha ndani ya dakika 13 na sekunde 20. Umewahi kuliona bango linalosema hivyo?

FLASHI: Na mimi nina kesi. Nimeandikwa GB 16. Dada Kompyuta kila akinifungua anasema 14.9. Nani ananimega?

KOMPYUTA: Hakuna aliyekumega. Kiwandani kwenu wanahesabu kwa elfu. Mimi, kwa jinsi Windows ilivyonilea, nahesabu kwa 1,024. Mwaka 1998 wakubwa wa IEC, shirika la viwango la kimataifa, waliligawa jambo hili: za elfu zibaki kilo, mega na giga; za 1,024 ziitwe kibi, mebi na gibi.

FLASHI: Kwa hiyo hizo 14.9 ni gibi?

KOMPYUTA: Ndiyo.

FLASHI: Mbona unaandika GB?

KOMPYUTA: Mazoea.

RUTA: Ahaa! Hakimu naye ana mizani ya pili uvunguni! Haya, filamu ya mteja inashuka kwa ngapi sasa hivi?

KOMPYUTA: MB 1.1 kwa sekunde. Za kwangu.

RUTA: Kumi gawa kwa nane ni 1.25. Iliyobaki kala nani?

MODEMU: Nyingine imemezwa na hiyo 1,024 yake. Nyingine ni bahasha. Pakiti ya baiti 1,500 huanza na kama baiti 40 za anwani na maelekezo, ndipo filamu ifuate. Bahasha nayo inapita kwenye waya, na bosi anailipia.

(Mwenye duka anaingia, jasho linamtoka. Anaketi mbele ya Kompyuta na kuandika: "Mbps 10 ni sawa na ngapi?" Jedwali linafunguka. Anapita 1.25 bila kuiangalia mara mbili. Anapita 10. Anasimama kwenye mstari wa kilobiti, anatabasamu, kisha anachukua kadibodi na kalamu nene.)

FLASHI: Anaandika nini?

KOMPYUTA: (akichungulia) "FILAMU NA MUZIKI. KASI HADI KBPS 10,000."

RUTA: Mwambieni asisahau roketi.