Goti Jipya na Wageni Wake: Mwongozo wa Miezi Tisa

Ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL, haingoji rafu ili ikatike. Mara nyingi mchezaji yuko peke yake: anakimbia, anageuka ghafla, kiatu kimeng'ang'ania ardhini, goti linapinda kwa ndani, anasikia mlio. Jioni goti limeshajaa.

Ukifika kwenye upasuaji, daktari wa mifupa huchukua kipande cha kano kutoka nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akakipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mfupa wa paja na wa muundi. Kazi yake huisha kwa saa chache. Yako itachukua miezi tisa au zaidi, tena mbele za watu, kwa sababu mgonjwa wa goti hakosi wageni. Kila mmoja anakuja na upendo na ushauri. Upendo pokea wote. Kwa ushauri, fuata utaratibu huu.

Mgeni wa kwanza: mama mkubwa na karai la maji ya moto

Atafika kabla nyuzi hazijatolewa, na pengine ameambatana na mzee anayejua kuchua. Msalimie vizuri: "Shikamoo, mama mkubwa. Ahsante kwa kunijali. Daktari amekataza kukanda na kuchua, lakini barafu anairuhusu." Mpe kitambaa na barafu, aifunge mwenyewe, akuwekee juu ya goti kwa robo saa. Goti lililopasuliwa juzi limevimba tayari, na joto na kuchua huongeza uvimbe. Uvimbe nao huulegeza msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaoutaka uamke.

Mwombe pia awe mlinzi. Ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, kigimbi cha mguu kikivimba na kuuma, au ukaishiwa pumzi, akupeleke hospitali siku hiyohiyo. Mama mkubwa akipewa kazi hiyo, hata dereva wa bodaboda atamtii.

Mgeni wa pili: jirani mwenye mto

Huyu ana huruma kuliko wote. Akikuona umelala, atakuingizia mto chini ya goti ili upumzike. Mto huo ukikaa hapo usiku na mchana, goti huzoea kujikunja, na lisiponyooka kabisa utatembea ukichechemea hata baada ya kidonda kupona. Mshukuru, chukua mto, uweke chini ya kisigino.

Sasa fanya zoezi la kwanza mbele yake. Mguu umenyooka, kisigino kiko juu, nyuma ya goti kuna uwazi. Kaza paja, likandamize goti kuelekea kitandani, hesabu mpaka tano, achia. Siku za mwanzo msuli utagoma kabisa, kana kwamba si wako. Weka vidole juu ya pia ya goti: siku utakapoihisi inapanda kidogo kuelekea pajani, hiyo ni habari ya kumpigia simu mtaalamu wa mazoezi tiba.

Mgeni wa tatu: fundi seremala

Huyu mwite mwenyewe, tena kabla ya upasuaji. Karatasi za hospitali hazitaji choo cha kuchuchumaa, na hapo ndipo wengi hupata shida ya kwanza. Fundi atengeneze kiti imara chenye tundu katikati, kisimame juu ya choo bila kuyumba, na kishikio ukutani. Kigoda cha jikoni kipe likizo. Anayeswali aswali kwenye kiti. Dini imeruhusu kwa mgonjwa. Daladala lililojaa liache lipite, subiri lenye siti.

Mgeni wa nne: kocha na jezi yako

Huyu atakuja mwezi wa pili au wa tatu, na ndiye wa kumwogopa. Atakukuta umeacha magongo, maumivu yamekwisha, unapanda ngazi. Atasema Jumapili kuna mechi, ingia dakika kumi tu.

Msomee hili taratibu. Kano iliyopandikizwa ilikatwa kwenye damu yake ilipotolewa. Ikiwa ndani ya goti, huzorota kwanza, kisha mishipa mipya ya damu huiingia na huanza kujijenga upya. Katika majuma hayohayo ambayo wewe unajisikia mzima, yenyewe iko dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Maumivu huondoka kabla ya hatari kuondoka, kwa hiyo usiyatumie kama kipimo.

Akibisha, mpe takwimu. Utafiti wa Delaware na Oslo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji alisubiri, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena goti kwa asilimia 51. Akitaka mfano, mpe Ronaldo wa Brazil. Kano yake ya chini ya pia ya goti iliumia Novemba 1999. Aprili 2000 aliingia uwanjani dhidi ya Lazio, na baada ya dakika chache goti lilimtoka bila kuguswa na mtu. Safari ya pili alitulia, na Kombe la Dunia la 2002 akafunga mabao manane.

Kinachofungua mlango ni muda na mtihani, vyote viwili: uvimbe umekwisha, nguvu ya paja imefikia angalau asilimia 90 ya mguu mzima, na ukiruka kwa mguu mmoja unatua umbali uleule bila goti kuingia ndani. Kufika mwezi wa tisa huku paja limesinyaa si kufaulu.

Usimwache kocha aondoke bure

Mwambie akupe filimbi. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo FIFA 11+, ya dakika kama 20, yasiyohitaji chochote zaidi ya mpira na uwanja: kukimbia, kujisawazisha kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole. Yalipojaribiwa kwa wasichana wa Norway, majeraha mabaya yalipungua. Timu za wasichana ziwe za kwanza kuyapata, kwa sababu wao hukatika ligamenti hii mara nyingi zaidi kuliko wavulana.

Wewe hujaruhusiwa kucheza, lakini kusimama pembeni ya uwanja na kupaza sauti umeruhusiwa. Kila mazoezi, fika mapema, panga wenzako mistari, wasimamie wanavyotua. Anayetua vibaya mrudishe arudie, hata kama ni nahodha.