Namna ya Kuidanganya Mizani

Unataka kujiundia baiskeli, na unataka wenzako wainyanyue kwa mkono mmoja, waitikise kidogo, kisha wagune. Ni haki yako. Nifuate, utaguniwa bila kuuza ng'ombe.

Hatua ya kwanza: nunua fremu ya chuma. Usishtuke. Fremu nzuri ya chuma ina kilo mbili hivi, ya kaboni kilo moja au pungufu. Ile kilo ya katikati ndiyo unayouziwa kwa bei ya pikipiki. Sasa piga hesabu. Wewe una kilo 70, baiskeli na vikorokoro vyake 10, jumla 80. Ukipanda kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, kilo moja itakuibia sekunde 45 hivi kwa kila saa ya kupanda. Kwenye tambarare haikuibii karibu chochote, maana huko unapigana na upepo, na upepo hauulizi fremu ina uzito gani.

Hatua ya pili: sekunde hizo zirudishe kimyakimya. Chupa mbili za maji za mililita 750 zikijaa ni kilo moja na nusu, zaidi ya kilo ile uliyotaka kuiuzia ng'ombe. Kama kuna duka njiani, beba chupa moja, ujaze tena huko. Umeikaribia kaboni kwa bei ya maji.

Hatua ya tatu, na hapa usiwe bahili: pesa iliyobaki peleka kwenye tairi na kwenye namna unavyokaa. Tairi laini, lenye kitambaa chembamba, huviringika kwa urahisi. Lile gumu la bei ya kutupa hula nguvu kila linapozunguka. Na kukaa? Mwaka 1993 Mskoti Graeme Obree alijiundia baiskeli mwenyewe, akaitilia beringi za mashine ya kufulia nguo, akaenda Hamar, Norway, kuitafuta rekodi ya dunia ya saa moja. Siku ya kwanza alitumia nakala iliyotengenezwa mpya, akashindwa. Kesho yake asubuhi akairudia ile yake kuukuu, akamaliza kilomita 51.596, na rekodi ikawa yake. Alikuwa amekunja mikono chini ya kifua, upepo ukakosa pa kumkamata. Wewe huna haja ya kwenda mbali hivyo. Shusha usukani kidogo, kunja viwiko, na chagua fremu inayolingana na mwili wako.

Hatua ya nne ni ya majivuno. Pima baiskeli kama wanavyopima wauzaji wengi: bila pedali, bila chupa, bila pampu. Mgeni akitaka kuinyanyua, muelekeze ashike bomba la juu karibu na kiti, pale inapojisawazisha yenyewe. Hapo huhisika nyepesi kuliko ilivyo. Akianza kukutajia gramu, mkumbushe kwamba tangu mwaka 2000 sheria za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, haziruhusu baiskeli ya mashindano ya barabarani iliyo chini ya kilo 6.8.

Kuna wanaohitaji kweli wepesi wa fremu: mshindani wa milimani anayepoteza nafasi kwa sekunde chache, na anayeibeba baiskeli begani hadi ghorofa ya nne kila jioni. Hao walipe, wala nisiwacheke.

Wa gunia la mahindi kwenye keria afanye kinyume: achukue mabomba manene, kama yale ya baiskeli ya Black Mamba, asahau mizani. Na wewe wa fremu nyepesi ya chuma, kabla haijapasuka, mtafute fundi anayeunga kwa shaba na moto wa gesi. Yule wa kuchomelea mageti kwa umeme atakutobolea bomba jembamba kabla hujamaliza kumsalimia.