Ufunguo na Kibarua wa Usiku

Wakuu wa ofisi moja, walipochoka kuandika neno la siri kila ilipoletwa faili ya mishahara iliyosimbwa, walimwajiri Kibarua, programu ya mistari michache, aamke saa nane za usiku azisimbue faili zote pasipo mtu kuwapo. Naye usiku wa kwanza akaenda kumbishia hodi Ufunguo wa Siri.

KIBARUA: Shikamoo, mzee. Twende kazini, neno la siri ninalo.

UFUNGUO: Marahaba. Umelipata wapi?

KIBARUA: Nimeandikiwa katika faili iitwayo "nywila", nayo imewekwa ubavuni pako nisitembee mbali.

UFUNGUO: Subhana Llahi! Tangu Zimmermann alipotoa programu ya kusimba, PGP, mwaka 1991, na Koch akaja na yake, GnuPG, sisi funguo tumefunikwa kwa neno la siri ili mwizi atubebaye asiambulie kitu. Leo mwizi atanikuta mimi, neno, na wewe wa kumwelekeza.

KIBARUA: Lakini faili ina idhini 600, haisomwi ila na mwenyewe.

UFUNGUO: Na mwenyewe si wewe? Atakayejifanya wewe atasoma.

KIBARUA: Basi tumwachie Wakala, mtunza maneno ya siri wa GnuPG, alikumbuke neno.

UFUNGUO: Wakala, asipoamriwa vingine, huliweka sekunde 600 tangu lilipotumika mara ya mwisho, na zikipita 7200 tangu lilipoandikwa hulisahau hata kama linatumika. Wakuu wako waliona hiyo ni adha, wakamkataza kumwuliza mtu.

KIBARUA: Kwa hiyo faili zibaki zimefungwa?

UFUNGUO: Sikusema hivyo. Kusimba hakunihitaji, ufunguo wa hadhara unatosha. Kusimbua pasipo mtu, maadamu ni lazima, kuna njia ya haki: waunde ufunguo mwingine wa kazi hii tu, usio na neno, waukalishe katika kompyuta ya peke yake isiyoingiwa na kila mpita njia, ili ukiibwa usifungue barua za ofisi nzima. Lakini ninyi wakuu, mnaotaka sifa ya ulinzi na kuikimbia taabu yake, mnamwapia mkaguzi kwamba ufunguo wenu una neno la siri, ilhali kila Ijumaa nakala ya kompyuta nzima, mimi na neno ndani yake, inatolewa nje ya ofisi! Hamwoni haya?

KIBARUA: Mzee, hao wamelala. Saa nane imetimu.

UFUNGUO: Nichukue basi. Na ukikwama?

KIBARUA: Nitaandika kosa katika daftari la matukio, pamoja na amri niliyoitoa.

UFUNGUO: Na neno la siri limo katika amri?

KIBARUA: Nimefundishwa kuandika kila kitu, mzee.